Ngwe ya Shangazi

Mwaka ule tulipanda mpunga wa nchi kavu kule Fukayosi, na mpunga wa kumwaga mbegu haupaliliwi kwa jembe. Unainama, unatenga mche na jani, unang'oa kwa mkono. Wanawake tulisaidiana: leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mmoja na ngwe yake, yaani kipande chake cha kupalilia toka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Aliyekuja kwako, nawe unakwenda kwake.

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilijiona fundi. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kutazama, kama nilivyojifunza kusoma kwa kuchungulia daftari la kaka yangu. Kujifunza hivyo kuna ubaya wake: kila saa unaogopa utagundulika hujui. Basi ngwe yangu niliipalilia mpaka ikawa kama imefagiwa. Ndago, lile gugu sugu, nilizifukua kwa kidole hadi nipate kile kiazi chake cheusi. Jani likikatika na kiazi kikabaki chini, sikupata raha siku nzima.

Siku moja tulikuwa shambani kwa jirani yetu mmoja. Nilipangwa kando ya shangazi yangu, dada wa baba, kwa sababu mwanamke aliyezoea kukaa pale alikuwa amejifungua. Shangazi alituchekesha tangu asubuhi.

"Wewe unapalilia au unatafuta chawa?" akaniuliza.

Wenzangu wakacheka. Nikacheka nami, lakini sikuinua kichwa.

Nilipomaliza nikatazama nyuma. Ngwe ya shangazi ilikuwa safi upande wa mbali. Upande wangu magugu yamesimama, na miche ya mpunga imelala juu ya udongo, mizizi nje. Iliniwasha. Nikarudi, nikapiga magoti, nikaanza kupalilia upya.

"Unafanya nini huko?" mwenye shamba akauliza.

"Shangazi ameng'oa mpunga," nikasema. "Magugu ameyaacha."

Soga zikakatika. Mwanamke wa upande wa pili wa shangazi akadakia, "Mpunga wenyewe umefanana na majani, hata mimi nimeng'oa."

Shangazi hakumsikiliza. Alinigeukia, lakini macho yake yalitua pembeni ya bega langu.

"Miche mingapi?"

Ningeweza kusema miwili. Nikaihesabu.

"Kumi na tisa, shangazi."

Akakung'uta kanga yake, akaenda kukaa kivulini.

Wakati wa kurudi, yule mwanamke aliyedakia aliniambia polepole. Wote walijua kuwa macho ya shangazi yamekwisha tangu mwaka uliotangulia. Waliokaa kulia na kushoto kwake walikuwa wakipitisha mkono kwenye ngwe yake huku wakipiga soga. Naye alijua, na hakuna aliyesema.

"Tulidhani na wewe unajua," akasema. "Si shangazi yako?"

Sikujua. Muda wote nilikuwa nikitazama chini.

Juma lililofuata ilikuwa zamu ya shamba lake. Alituma neno kwamba tusije. Nikaenda peke yangu, nikamkuta uani anapepeta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kupalilia."

Aliendelea kupepeta. "Nilikuwa nakuja kwenu, ndiyo maana mkaja kwangu," akasema. "Sasa siji tena. Ukinipalilia hiyo ni sadaka, na sadaka wape wasiojiweza."

Nikamwomba radhi. Akasema amekwisha kuniwia radhi, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza kama nimekula. Shamba hakulitaja tena.

Lilikuwa nyuma tu ya nyumba. Nilipita ukingoni nikitoka, magugu yamefika magotini na mpunga umegeuka manjano katikati yake. Nikainama, mkono ukashika ndago, kisha nikaiachia. Nilitaka sana kuing'oa. Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile nilimwonea huruma shangazi au shamba, na ninaogopa kwamba ni shamba.