Sakafu ya Mavi ya Chuma

"Mimi humo ndani siingii, Mama Asia. Na wewe ukimpenda mwanao, usimkanyagishe."

Mama Anatoli, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Kasulu, kashika kiuno mlangoni kwangu. Watu wanaokwenda sokoni wanapunguza mwendo ili wasikie.

"Sakafu imekukosea nini?"

"Si sakafu. Ni ulichotia ndani yake."

Ngojeni niwape mkasa wenyewe. Mwaka sabini na nne saruji ilikuwa adimu kuliko mchumba mwenye adabu. Nimehangaika, nimepata mfuko mmoja, na watu wa Kibondo wanaleta posa ya binti yangu Asia. Niwakalishe kwenye vumbi?

Fundi Nestori akaniambia nitulie. Akapanda kilimani kwenye matanuru ya wahunzi wa zamani, akarudi na magunia ya mavi ya chuma, yale mawe meusi yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Akayatwanga, akachekecha, akapunguza saruji na kujazia unga ule.

"Huu unachelewa kushika," akasema. "Mwagia maji mpaka uchoke."

Nikamwagia. Sakafu ikatoka nyeusi, inang'aa, ngumu kama kichwa cha mume wangu.

Kumbe nimejitafutia balaa.

"Kwenye tanuru mwanamke hakaribii," Mama Anatoli akaendelea. "Mwiko wa wazee huo. Asia akikanyaga hayo mawe, hazai. Na bibi yake mchumba ni mtoto wa mhunzi. Akijua tu, posa inarudi Kibondo na basi lile lile."

Hapo nikanywea. Gharibu, mchumba mwenyewe, kalelewa na huyo bibi. Bibi akikataa, imekwisha. Na Asia kwa yule kijana hasikii wala haoni.

Nikatandika mikeka mpaka ukutani. Isionekane sakafu hata ya kuweka ukucha.

Wageni wakafika, na Gharibu yumo. Bibi yake, Bibi Stumai, kadogo kama kifaranga, akavua ndala mlangoni. Hatua ya kwanza tu, akahisi ugumu chini ya mkeka, akasimama. Akainama, akafunua mkeka.

Asia yuko nyuma ya pazia, namsikia anavyohema.

"Mawe haya mmeyatoa wapi?"

"Kilimani, bibi." Sauti yangu mwenyewe sikuijua.

"Baba yangu alikuwa mhunzi. Nikisogelea tanuru ananikimbiza na fimbo. Nimezeeka sijui walikuwa wanatuficha nini kule."

Akaukunja mkeka, akautupa pembeni. Akapiga mguu chini. Akapiga tena. Mara bibi wa watu anacheza, kanga inamvuka.

"Kumbe ni haya tu?"

Mshenga akakohoa. "Bibi, wanasema binti hatazaa."

"Mimi nimezaa tisa bila kuliona tanuru. Huyu akizaa kumi, tutajua ni sakafu."

Watu hoi kwa kicheko. Posa ikapokelewa hapo hapo, na nyuma ya pazia kuna mtu analia kwa raha.

Ndugu zangu, ukitaka kujua mwiko una uzito gani, usimwulize anayekutisha nao. Mwulize aliyechapwa kwa ajili yake.

Sahani zinapita, bibi akachungulia dirishani. "Yule anayenyoosha shingo kwenye ua ni nani?"

"Jirani, bibi. Anaiogopa sakafu."

Bibi Stumai akatoka mpaka kizingitini, mkono una pilau.

"Mwanangu, njoo ule, chakula kinapoa. Kama unaogopa kukanyaga, Gharibu atakubeba."