Kompyuta Niliyokataa Kuizima

Nilifukuzwa kazi kwa kukataa kuzima kompyuta. Sikuwa nimeharibu kitu wala kumtukana mteja. Niliweka kiti mbele ya swichi ya ukutani, nikakaa.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, na mwenye chumba na laini ya simu akawa hana wa kumzuia. Bosi wangu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi Milanzi. Faida yake aliileta mtaa wa Majengo, akafungua duka la kuchapa barua na kutuma baruapepe. Mimi nilikuwa nimesomea kompyuta Mbeya. Yeye alikuja na sheria za mashineni.

Iliyotangulia zote ni hii: ukitaka kubadilisha chochote, zima kwanza. Hata nikibadilisha mipangilio ya printa alisimama mlangoni na koti lake la baridi, akauliza, "Umezima?" Kwa kawaida nilizima, yakaisha. Lakini diski ya kompyuta kubwa, yenye kazi zote za wateja, ilikuwa imechoka. Umeme ulipokatika mara ya mwisho ilikwaruza asubuhi nzima kabla ya kukubali kuzunguka. Sehemu ya kuwekea disketi nayo ilikuwa mbovu, kwa hiyo hatukuwa na nakala. Nilimwambia bosi waziwazi: ikizimwa tena, huenda isiamke.

Ndipo akaja mzee mfugaji, wa familia zilizohamia bondeni kutoka kaskazini-magharibi. Siku tatu alisimulia, nami nikachapa: walioneshwa wapi pa kulishia, nani aliwaonesha, kisima gani walichimba. Wakili wao wa Mbeya alitaka maelezo hayo kabla ya shauri la ardhi kusikilizwa kesho yake asubuhi. Basi la Mbeya la siku hiyo lilishaondoka alfajiri. Na mchana, nilipotaka kuyatuma, simu haikushika. Waliotuunganisha na intaneti walikuwa wamebadilisha namba ya kupigia; nikawauliza, wakanipa mpya.

"Weka namba mpya," bosi akasema, "ila zima kwanza."

"Hakuna haja, bosi. Naandika namba kwenye faili, halafu naiambia programu inayopiga simu ilisome upya. Vingine vyote vinaendelea."

"Chekeche halibadilishwi mashine ikiwa inazunguka."

"Hii haina chekeche."

"Kila mashine ina chekeche, binti!" Akanyoosha mkono wa kushoto. Vidole viwili havikuwepo. Vilichukuliwa na mkanda kule Milanzi. Hakuwa anatania.

Akaelekea kwenye swichi. Nikamtangulia na kiti.

"Dada, kaa hapohapo," mteja mmoja akadakia. "Akitaka kukuinua, alete winchi!"

Mzee hakucheka. "Mwanangu, maneno yangu yamo humo ndani?"

"Yamo, baba."

"Basi msiyaue."

Bosi akaniambia niinuke. Nikamwambia siinuki, na kama ni kazi, achukue kazi yake. Nikavuta kibodi hadi mapajani, nikabadilisha tarakimu, nikaandika amri moja fupi. Modemu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, ikashika. Kurasa zikaenda. Tulisubiri, wote wanne, mpaka wakili akajibu kwamba amezipata.

Bosi alilisoma jibu akiwa amesimama. "Ni bahati tu," akasema. "Kesho usije."

"Si bahati, bosi. Na ningeletewa kazi hii tena leo, ningekaa tena palepale."

Nilichukua sweta yangu nikatoka. Sikurudi kuomba msamaha, ingawa dada yangu alinisihi niende, na hadi leo sioni wa kumwomba.

Baada ya mimi kuondoka, bosi aliizima kompyuta kwa mkono wake. Mwenye duka la jirani aliniambia haikuwaka tena, mafundi wawili waliifungua wakashindwa. Bosi mwenyewe, tulipokutana sokoni, aliapa kwamba iliwaka mara moja, akaiuza ikiwa nzima kwa mtu wa Kabwe, kule ziwani. Nimeulizia Kabwe mara mbili. Sijampata aliyeinunua.