Safu Moja ya Viti Thelathini na Saba

Siku ya posa ya binti wa shangazi yangu, kule Kabuku, nilipewa kazi ya kupanga viti. Shangazi aliona inanifaa kwa sababu nafundisha hisabati Korogwe. Viti vya plastiki vilikuwa thelathini na saba, sawasawa na watu waliotarajiwa, na alitaka safu zilizolingana. Wakwe walikuwa wanatoka Vugiri, na alikuwa ameambiwa kwamba watu wa milimani hata mahindi huyapanda kwa kamba.

Nikapanga safu nne. Kikabaki kiti kimoja. Nikapanga sita, kikabaki kimoja tena. Tano, vikabaki viwili. Nilijua tangu mwanzo kwamba haiwezekani, ila kwa shangazi yangu mtu hujaribu kwanza ndipo anakataa.

"Shangazi, hii ni tasa," nikamwambia mwishowe, jasho linanitiririka. "Tasa kabisa, wala haina dawa."

Sikujua kwamba wageni walikuwa wameshaingia uani. Mama wa kijana alikuwa amesimama nyuma yangu na kapu la maharage kichwani.

"Nani tasa?" akauliza.

"Thelathini na saba, mama. Shikamoo."

"Binti ana miaka thelathini na saba? Sisi tuliambiwa ishirini na nne."

Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo bado nalikumbuka. Nikaeleza haraka haraka kwamba tasa ni namba, kwamba namba ya namna hiyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Yule mama akatua kapu, akafikiri.

"Kwa moja inagawanyika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi weka safu moja."

Tukapanga safu moja, ikaanzia barazani, ikapita zizi la mbuzi, ikaishia kwenye mihogo ya jirani. Mshenga akakaa barazani. Mume wa shangazi, ambaye ndiye baba wa binti, akapata kiti cha mwisho, kule mihogoni, na maneno ikabidi yapitishwe mdomo kwa mdomo.

Mshenga alisimama, akasema kwa adabu kwamba wameona ua zuri kwenye nyumba hii na wamekuja kuliomba. Maneno yakasafiri. Kufika zizini yalikuwa, "Wanaomba ua." Kufika mihogoni yalikuwa, "Wanataka ule ua wa miti."

Baba wa binti akakunja uso. "Nimeujenga juzi tu. Waambieni hautoki. Mbuzi watakula shamba la watu."

Jibu likarudi, likafika barazani limebaki neno moja: "Hatoki."

Mama wa kijana akaanza kulitafuta kapu lake. Hapo shangazi akafunga khanga kiunoni, akakimbia kando ya safu nzima mpaka mihogoni. Hatukusikia alichomwambia mumewe, tuliona tu mikono yake. Mzee akaja mwenyewe barazani kwa mguu, akiomba radhi kila kiti alichokipita, akasema kwamba ua wa miti hautoki, lakini binti, akiridhia mwenyewe, atatoka.

Wakaenda wanawake wawili chumbani kumuuliza. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani, na alicheka mpaka akashindwa kutamka. Walisubiri, hakunyamaza. Wakatoka kutuambia kwamba ameridhia, na pilau likaanza kupakuliwa.