Mwanya wa Karatasi Moja

Jicho la kushoto la mdogo wangu nililitoa mimi, kwa nati. Tulikuwa tunagombania baiskeli, nikarusha bila kulenga, ikalenga yenyewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye tisa. Mama alinishika masikio pale pale hospitalini akaniapisha: "Huyu humgusi tena mpaka unaingia kaburini!" Nikaapa. Na kweli, miaka ishirini na sita nimepiga watu wengine. Mume wangu wa kwanza nilimvunja pua kwa kifuniko cha sufuria, na yeye ndiye aliyeanza. Mwenye nyumba nilimtoa mlangoni kwa teke. Lakini mdogo wangu, hata kofi la utani sijampa. Lile jicho moja lililobaki, ole wake mtu alisogelee.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, watu huniita Mama Cheche. Yeye ni mkereza vyuma, mpole mpaka anaudhi. Karakana yetu imeegemea kiwanda cha mbao, na boila la kiwanda kile lilikuwa linamwaga mvuke bure. Ndipo mdogo wangu akaunda turbini yake, mashine ya kuzungushwa na mvuke, isiyo na mapanga kama ya feni: sahani kumi na mbili za chuma, laini tupu, zimepangwa kwenye shafti moja ndani ya kasha la chuma, na kati ya sahani na sahani nafasi ndogo. Mvuke unaingia kwa pembeni, unajisugua kwenye sahani, unaziburuta zizunguke, kisha unatokea kwenye tundu la katikati. Basi, hakuna cha zaidi.

Shida ilikuwa nguvu. Alifunga kamba na mizani kwenye puli apime, na katika kila mia ya nguvu iliyoingia, tulipata kumi na nane. Akaandika ubaoni kwa chaki: NGUVU INAPOTELEA WAPI? Moja, mvuke unaovuja kati ya kingo za sahani na kasha. Mbili, msuguano wa beringi zinazoshika shafti. Tatu, mvuke unaotoka katikati ungali unazunguka, umeondoka na nguvu yake. Nne akaiacha wazi.

"Ipo nyingine, dada. Sijaiona bado."

Mwenye kiwanda, bonge la mtu, alikuja kila asubuhi kucheka. "Mnalisha tembo, anafanya kazi ya panya! Jumamosi isipofika thelathini, nang'oa bomba langu la mvuke." Siku ya tatu ya kicheko hicho nikampiga kichwa cha kifuani, akaketi kwenye maranda miguu juu. Mdogo wangu akanivuta nyuma kwa mkanda.

Kilichonikera kuliko yule bwana ni mluzi. Mvuke ulipovuja pembezoni ulipiga mluzi kutwa nzima, utadhani kuna mtu ananizomea.

"Niuzibe huo mwanya?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Thubutu! Chuma kikipata moto kinatanuka, na kikizunguka kasi kinajivuta nje. Uache, dada."

Nilisikia kwa masikio tu. Jumamosi asubuhi alipokwenda kuchochea boila, mluzi ukiwa bado unanilia kichwani, nikafungua kasha, nikachomelea pete ya chuma kwa ndani, nikaisaga kwa grainda mpaka ikabaki nafasi ya karatasi moja. Nikazungusha sahani kwa mkono, zikateleza vizuri. Nikafunga kasha, nikanyamaza. Nilitaka kumfurahisha, na kumfunga mdomo yule nyangumi.

Koki ya mvuke ikafunguliwa mwenye kiwanda akishuhudia. Hakuna mluzi. Mizani ikapanda: ishirini na mbili, ishirini na saba, thelathini na moja. Bwana yule akaacha kucheka. Mdogo wangu akaruka kwa furaha. "Dada, imekuwaje hii?"

Ndipo nikasikia mkwaruzo, chuma juu ya chuma. Naye akausikia. Na kama ilivyo kawaida yake, akainama, akaweka lile jicho lake moja kwenye ufa wa kifuniko cha kasha atazame.

Hapakuwa na muda wa kusema. Nilimtandika ngumi ya taya kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa unavunjika. Akaanguka chini ya meza, na papo hapo kasha likapasuka. Sahani ya kwanza ilipita pale kilipokuwa kichwa chake, ikakata nguzo ya mlango kama muwa. Ya pili ikaingia ukutani hadi nusu. Ya tatu ikaondoka na kipande cha sikio la mwenye kiwanda, akatoka mbio akimlilia mama yake. Mvuke ukanibabua mkono mzima, ngozi ikaning'inia.

Kulipotulia, mdogo wangu alitambaa kutoka chini ya meza, damu mdomoni, meno matatu kiganjani. Akaitazama nguzo. Akanitazama mimi, machozi yakamtoka, alikuwa ananishukuru. Ningenyamaza, ningebaki mkombozi mpaka kufa. Jamani, sikuweza.

"Ule mwanya niliuziba mimi," nikasema.

Machozi yakakatika. Mtu ambaye hajawahi kupiga hata paka akaokota spana, akanishushia begani, mfupa ukalia. Sikukwepa. Kisha akaenda ubaoni, maana taya halikumruhusu kusema, akatafuta chaki sakafuni, akaandika pale alipopaacha wazi: Nne, hasira za dada.

Akavua shati, akanifunga mkono. Tukaenda hospitali kwa miguu, yeye ameshika taya, mimi nimeshika bega. Ubao ule bado upo karakanani, na sijaufuta.