Nilimfungashia Mume Wangu Begi kwa Sababu ya Malengelenge

Wiki ile nilishona gauni la bibi harusi nikiwa nimesimama wima, na wateja wakanicheka.

Hawakujua kwamba nikikaa tu, machozi yananitoka.

Ilianza na mwasho huku chini, kama nimekalia upupu. Kesho yake homa na mitoki kwenye kinena, halafu malengelenge madogo madogo yaliyojaa maji. Yakapasuka, yakawa vidonda.

Kukojoa ndiyo ikawa adhabu. Nilikuwa nabana mpaka tumbo linauma, nikiingia chooni nang'ata taulo.

Nikapaka dawa ya meno. Jamani, msijaribu.

Nikamwambia dada yangu mkubwa. Hakuuliza mara mbili. "Huo ni ugonjwa wa zinaa, na wewe hutoki kwenye cherehani. Mumeo kakuletea."

Mume wangu ni fundi friji, mtaani wanamwita Baridi. Mpole huyo, hata panya anamtoa nje kwa ufagio bila kumuumiza.

Aliporudi kazini alikuta begi lake mlangoni. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hajamgusa mwanamke mwingine. Nikamwambia anipishe. Akaondoka na ovaroli yake, analia.

Dada akayamwaga yote kwenye grupu la familia. Mama mkwe akasoma, akajitoa kwenye grupu.

Nilikata tamaa kabisa. Nilijiona nimeoza, mwanamke niliyekwisha. Niliomba nilale nisiamke.

Homa iliponizidi nikajikokota hadi kliniki. Muuguzi, mama mtu mzima, alinikagua bila kukunja uso, akapangusa kidonda kwa pamba ya kupimia. Akasema inaonekana ni hepesi ya sehemu za siri. Virusi vyake haviondoki mwilini, ila vidonge vinavituliza, hasa ukivimeza mapema mwasho unapoanza.

Akanifundisha kujimwagia maji ya uvuguvugu wakati wa kukojoa, kuvaa chupi ya pamba isiyobana, na kutokutana kimwili mpaka vidonda vipone kabisa. Siku nikipata mimba, nisimfiche mkunga.

Majibu yalipotoka akaniuliza swali la ajabu: mumeo akiugua homa hutokwa na vidonda mdomoni?

Nikasema ndiyo, tangu utotoni.

"Basi vyako ni aina hiyohiyo, mwanangu. Vinatoka mdomoni vinakwenda huko chini mdomo unapopagusa, hata siku ambayo kidonda hakionekani. Huenda mumeo hajatoka nje ya ndoa hata siku moja."

Nikanyanyuka pale kwenye benchi.

Nikamfuata karakana, nikamweleza yote mbele ya friji alilokuwa amelifungua mgongo. Nilidhani atashukuru kwamba nimemsafisha. Akajishika mdomo, akakaa chini.

"Kwa hiyo ni mimi kweli," akasema. "Nimeapa kwa mama, kumbe ni mimi."

Nikamwambia hakujua, na mimi pia sikujua. Nikaandika kwenye grupu kwamba hana kosa. Akarudi nyumbani.

Lakini mpaka leo nikimsogezea uso, anageuza shavu.

Wadada, ukiona malengelenge huko chini, nenda ukapimwe yangali mabichi. Usijipake vitu, usimuulize dada, na usifungashe begi la mtu kabla hujajua unachougua.

Vidonda vyangu vimepona. Mume wangu bado.