Mimina Mpaka Mgeni Aseme Basi

Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa bara, na nisieleweke vibaya: nampenda. Alipoletwa Garissa alikuja na feni mbili, kofia pana, na imani kwamba hesabu hufundishwa kwa kujaza maswali ubaoni na kunyamaza. Kwa hiyo aliposikia kwamba gredi ya saba wanazunguka uani kipindi cha hesabu, wakiamrishana "hatua tatu mbele, geuka kulia", aliniita ofisini kabla hata chaki haijanitoka mikononi.

"Mwalimu, umefungua gwaride?"

Nikamweleza kwamba tunajifunza kuandika programu. Mtoto mmoja anakuwa roboti, mwenzake anamwandikia maagizo ya kutembea mraba. Akisahau kumwambia ageuke nyuzi tisini, roboti anaenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa miba. Siku hiyo pembe mraba inaeleweka bila kofi wala wimbo. Kuhusu tableti, tulikuwa nazo, kabatini, zimefungiwa vizuri zisiibwe wala zisitumiwe. Sisi tulitumia chaki na miguu.

"Mtihani hauulizi roboti," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Nitakuja Alhamisi nijionee. Nikikuta ni mchezo, kipindi kinarudi kwa maswali."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilitoka pale nikitembea kwa kishindo, na mama yangu aliponiona jioni aliuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni roboti tu. Akasema "Alhamdulillah" akaendelea kuchagua mchele.

Lakini kilichoniuma hasa hakikuwa kipindi. Kilikuwa msichana mmoja aliyetoka Sangailu kuja kuishi na habaryar wake, mdogo wa mama yake, ili asome mjini. Huko alikotoka, au njiani, sijui wapi, kuna mtu alimcheka akiwa ubaoni. Tangu hapo ukimwita aje kufanya hesabu alikuwa anatazama viatu vyake mpaka wewe mwenyewe uone haya ukamwita mwingine. Muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake, isipokuwa "present, macalin", yaani mwalimu.

Tulipoanza programu, akaanza kunong'ona. Kisha akaanza kubishana. Nadhani ni kwa sababu katika kazi hii kila mtu anakosea, na anakosea mchana kweupe: roboti yuko kwenye miba, wote wanaona. Hakuna anayechapwa wala kuchekwa peke yake. Tunarudi kwenye maagizo, tunatafuta mstari wenye kosa, tunaufuta, tunaandika mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kuuona mstari huo. Nikiondolewa kipindi hiki, nilijua atarudi kwenye viatu vyake.

Kwa ajili ya Alhamisi darasa lilichagua kumkaribisha mgeni chai. Walisema gwaride keshalisikia. Roboti nitakuwa mimi, na programu wataiandika wao ubaoni: weka kikombe, inua birika, na kadhalika. Msichana wa Sangailu alipewa sehemu ya kumimina. Akaandika: *Mimina. Rudia mpaka mgeni aseme basi.*

Tulifanya mazoezi mara nyingi, kwa maji, na mambo yakaenda kama mchuzi kwenye ubwabwa. Mwanafunzi anayekaa kiti cha mgeni anasema "bas", au anafunika kikombe kwa kiganja, nami nasimama. Kwetu ndivyo ilivyo. Mwenyeji hajiamulii kwamba mgeni ametosheka, ataonekana mchoyo. Anamimina tu, na mgeni ndiye mwenye breki. Hakuna mtoto katika darasa lile aliyewahi kuona mambo yakienda vingine, na mimi, niliyezaliwa mjini hapa hapa, sikuona pia.

Alhamisi ikafika. Mwalimu mkuu akaingia na suruali yake ya kijivu iliyopigwa pasi ikasimama kama ubao. Nikamkalisha kwenye kiti cha mgeni, na kwa kujiona mjanja nikamwambia, "Tafadhali usiseme neno lolote mpaka tumalize, usije ukawasaidia." Akaitikia kwa kichwa. Mtu wa sheria yule. Ukimwambia anyamaze, ananyamaza.

Msomaji, unaiona ajali inakuja. Mimi sikuiona.

Wakasoma maagizo kwa sauti mmoja mmoja. Niliweka kikombe. Niliinua birika, chai ya maziwa na iliki, bahati nzuri ilikuwa imeshapoa tangu mapumziko. Nikamimina. Kikombe kikafika nusu. Nikamtazama mwalimu mkuu, naye akanitazama kwa adabu, midomo imefungwa. Kikafika ukingoni.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikawa na muda mfupi sana wa kuchagua. Nikisimama, suruali itapona na huenda kipindi kikapona pia. Lakini wiki nzima nimewaambia watoto hawa kwamba roboti haina akili, haina huruma, inafanya kilichoandikwa. Nikisimama kwa akili yangu, nitakuwa nimewadanganya mbele ya mgeni. Nikasema moyoni, liwalo na liwe.

Nikamimina.

Chai ikafurika sahani, ikatembea mezani, ikashuka kwa mwalimu mkuu. Alishtuka, akasogea, lakini wallahi hakusema neno. Darasa likapiga kelele. "Macalin, simama! Bas! Bas!" Lakini programu ilisema mgeni, haikusema darasa. Nikaendelea.

Msichana wa Sangailu alikuwa ameshafika ubaoni. Sikumwita. Alikimbia, buibui likakwama kwenye dawati, akalivuta, akachukua chaki na kuongeza mwishoni mwa maneno yake: *au kikombe ikijaa.* Nikausoma mstari. Nikasimama.

Mwalimu mkuu akainuka, suruali imelowa kuanzia pajani hadi gotini. Akanyoosha kidole ubaoni, kwenye maneno ya mwanzo ya mstari ule, yale ya zamani.

"Hii sentensi iliyonimwagia chai," aliuliza, "nani aliiandika?"

Katika shule zote nilizosoma na nilizofundisha, swali hilo lina jibu moja: kila mtu anatazama sakafu. Na darasa lote likatazama sakafu. Mimi mwenyewe nilifungua mdomo niseme ni mimi, ili yaishe.

"Ni mimi," alisema msichana wa Sangailu.

Hakutazama viatu. Alikuwa anamtazama mwalimu mkuu, chaki mkononi, vumbi la chaki puani. "Bole, mwalimu," akasema, ile "pole" ya ulimi wa Kisomali. "Mimi nilifikiri kila mgeni atasema bas. Sikufikiria mgeni ya kunyamaza. Sasa nimetengeneza."

Mwalimu mkuu aliusoma mstari wote, polepole, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa bado nimeshika birika hewani na macho yananichoma, na sitasema ilikuwa iliki.

Akavuta kiti, akakaa palepale palipolowa, akamwaga chai ya kikombe dirishani na kukirudisha mezani kikiwa kitupu.

"Rudieni tangu mwanzo," akamwambia yule mtoto. "Na mimi sitasema kitu."