Mlango Iko Fungwa

Wallahi hii si kama ile ya mjusi kwenye dawati la mwalimu wa fizikia. Ile nilitunga. Na ile ya kusema muadhini wa mtaa wetu ana pacha anayemsaidia alfajiri, ile nayo nilitunga, na Mama akanikimbiza kwa kandambili mpaka barabarani. Lakini hii imetokea, hapa hapa Ibra, Oman, mchana kweupe, jua limesimama juu ya mitende. Kama unataka kucheka, cheka sasa. Mbele huko sitokupa nafasi.

Nianze na Bibi. Bibi yangu kazaliwa Unguja mjini, Malindi, akaja Oman angali msichana, na kitu kimoja alichokuja nacho ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya ni Kiswahili chake. Sisi wajukuu tuliozaliwa huku tunakivunjavunja. Tunasema "kiti hii", tunasema "mayai hizi", tukikwama tunatia Kiarabu na safari inaendelea. Bibi hakubali. Anaweza kuwa kwenye sala, akishatoa salamu tu, kabla hajanyoosha mkono kwenye tasbihi: "Kiti hiki, we baradhuli." Na sheria yake ni moja: ukisahihishwa, unarudia kama alivyosema yeye, ndipo maisha yanaendelea. Hurudii, hupati chai. Mimi nimejifunza kwa njaa. Kaka yangu Haitham alikuwa anarudia kila siku na hajifunzi kitu.

Haitham alikwenda Guangzhou, China, kusoma lugha, akabakia huko kuwatafutia bidhaa wenye maduka wa huku kwetu. Unazijua zile kofia za kutarizi ambazo Waarabu wanaziita kwa jina ambalo kwa Kiswahili siwezi kulitamka mbele ya Bibi? Unadhani zote zinashonwa na akina mama wa Nizwa? Nyingine kaka yangu ndiye aliyezisimamia kiwandani.

Kila siku baada ya adhuhuri, huko kwake jua linakaribia kushuka, anampigia Bibi kwa video. Bibi anaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, anavaa miwani, anajitanda kanga vizuri kama anayekwenda kuonekana na Wachina wote. Kwa hivyo mimi sijafika Guangzhou, lakini nyumba ya Haitham naijua kuliko chumba changu. Jiko la kugeukia mtu mmoja. Kibaraza kidogo huko juu, na nguo zimetundikwa kwenye mti wa mwanzi, hazikauki wiki nzima.

"Bibi, hapa hewa mwenyewe inatoka jasho," alisema siku moja.

"Hewa yenyewe."

"Hewa yenyewe," akarudia Haitham, mpole, kama mtoto wa chuoni.

Alituhadithia kwamba huko maji ya kunywa yanaletwa ya moto hata kukiwa joto la kuyeyusha kandambili. Kwamba ndizi moja unailipia kwa simu, na simu ikizimika wewe si mtu tena, huli, hupandi treni, mlango wa jengo haukujui. Jioni wanawake wazee wanateremka uwanjani na spika zao, wanacheza ngoma kwa mistari, na Bibi kila siku anataka aonyeshwe, kisha anasema astaghfirullah, kisha anataka aonyeshwe tena. Kulikuwa na mkahawa wa tambi wa Mwislamu mmoja wa huko, anaupiga unga mezani pa! pa! mpaka unakuwa nyuzi. Neno lao la pamoja lilikuwa salamu alaykum tu. Haitham alikuwa anakwenda hata akiwa kashiba. Anakwenda kusalimiwa.

Maana majirani, miaka yote wanapanda lifti pamoja, hajui jina la hata mmoja. Si wabaya. Kila mtu anatazama namba.

Na alikuwa na kandambili za plastiki zenye uso wa dubu, masikio na vyote, za kuvalia ndani. Bibi alizicheka mpaka akakohoa. Zikumbuke hizo kandambili.

Lifti ya jengo lao haina namba nne. Anasema nne kwa lugha yao inasikika kama kifo, basi kutoka tatu inarukia tano. Siku moja Haitham akanipigia mimi, si Bibi. Alikuwa ananiita Kima, tangu nilipokwama juu ya mtende nikiwa mdogo.

"Kima, jana lifti imesimama katikati. Baada ya tatu. Mlango imefunguka."

"Ukaona nini?"

"Kiza. Na sauti. Bibi ananiita. 'Haitham!' Mara moja tu."

"Ukafanyaje?"

"Nimesema labeka."

Sasa wewe, kama umelelewa na mkongwe wa Kiunguja, nywele zishakusimama. Hatujaambiwa sote? Ukiitwa na usiyemuona, usiitike mara ya kwanza. Mtu ataita tena. Kisicho mtu hakiwezi. Mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia kumbe lifti ya Kichina imesoma Malindi. Yeye hakucheka. Akasema, "Sauti yake Bibi kabisa, Kima," akakata simu.

Kesho yake akampigia Bibi kama kawaida. Shikamoo, marahaba, umeamka salama. Kisha akasema hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Viatu vyangu vimelowa, Bibi, nami nimevianika kibarazani, lakini jua la huku halina nguvu."

Bibi alivua miwani. Machozi yalimtoka. "Alhamdulillahi," akasema, "Mchina kanifundishia mjukuu wangu!" Tangu siku ile Haitham hakukosea tena. Si kiti, si mayai. Bibi akawa anawapigia simu wenziwe wa Sur na Bidiya kuwasikilizisha. Mama akafurahi kwa kuwa Bibi kafurahi. Na mimi, wa mwisho kutiliwa maanani katika nyumba hii, nikaona jambo moja: haniiti Kima. Ananiita "mdogo wangu". Na mkahawa wa tambi hautaji. Niliuliza. Akanijibu, "Sihitaji kwenda kule tena."

Likaja joto la likizo. Nani kakwambia mashetani yanatembea usiku? Usiku wa Ibra watu wote wako nje wanakula mishkaki. Saa ya kuogopa hapa ni saa saba mchana. Maduka yamefungwa, viyoyozi vinanguruma, hata paka huwaoni. Mama kalala. Bibi yuko sebuleni anazungumza na kopo la sukari. Mimi nikatoka kwenda kutia mguu kwenye falaji, ule mfereji wa maji unaopita nyuma ya shamba letu la mitende.

Palikuwa na mtu kakaa ukingoni, miguu majini.

Mguu mmoja mtupu. Mwingine una kandambili ya dubu.

Sikiliza. Kwetu ukianika kanzu, ukigeuka kuchukua kibanio ishakauka. Yeye shati lake lilikuwa linachuruzika, na jiwe alilokalia limelowa duara zima, na jua liko juu yake na halimfanyi kitu. Alikuwa na harufu ya sabuni na mvua, ile harufu ya nguo iliyokaa mno ndani. Akageuka.

"Kima," akasema. "Kiatu yangu moja imebaki kwenye lifti."

Nilicheka tena. Lakini safari hii kwa furaha, niamini. Miezi hakuna aliyeivunja lugha nyumbani kwetu namna ile. Huyu ndiye! Nikamuuliza kaja lini, mbona hakusema.

"Sijui. Mimi natembea tu. Kila mlango nagonga, namba yake nne. Mtu hapana fungua." Akautazama ukuta wa nyumba yetu. "Hii tu ndio mlango najua."

Nikaenda kumkumbatia, akarudi nyuma. "Usinishike, utalowa. Mwambie Bibi aseme karibu. Basi. Akisema karibu, mimi naingia, khalas."

"Karibu! Karibu, karibu, karibu!" nikasema mimi.

Akatikisa kichwa. Hakukasirika. "Nyumba yake Bibi."

Tukaenda pamoja hadi mlangoni, yeye nyuma, nasikia kandambili moja: chwaka, kimya, chwaka, kimya. Akasimama kizingitini kama aliyefika ukingo wa shimo. Mimi nikaingia mbio, na ule mlango wetu wa chuma wenye springi ukajifunga nyuma yangu, pwa.

"Bibi! Haitham yuko nje, sema karibu!"

"Haitham huyu hapa," akasema Bibi, akaelekeza kidole kwenye simu.

Alikuwepo kweli, nywele kachana, anatabasamu. Nyuma yake kibarazani nguo zimetundikwa kwenye mwanzi. Zilikuwa kavu. Zote, kavu, zinapepea.

"Siye huyo! Bibi, nakuomba, neno moja tu!"

"Wiki iliyopita umeniita kwa sauti ya marehemu babu yako, ukaniuliza halua nimeficha wapi. Leo umekuja na lipi?"

"Mwache, Bibi," akasema yule wa kwenye simu, kwa upole. "Watoto hucheza."

Nilipiga magoti. Mimi, ambaye hata skuli nikipewa adhabu napiga goti moja. Nilimshika Bibi miguu, naapa kwa kila kitu nilichofundishwa kuapia. Hapo ndipo nje pakagongwa.

"Hodi! Bibi! Mlango iko fungwa!"

Uso wa Bibi ulibadilika. Sauti naweza kuiga, lakini mimi nilikuwa hapo, nimemshika miguu, mdomo wangu umefumba. Na ile sauti kailea yeye. Akainuka nusu. Kanga ikamteleza kichwani. Nikauona mdomo wake unafunguka na nikajua, wallahi nikajua, linakuja neno karibu, tumeokoka.

Kikatoka kile kilichokuwa kikitoka umri wake wote.

"Mlango umefungwa," akasema Bibi.

Nikapiga ukelele: "Usirudie! Kaka, usirudie!" Kwa nini nilisema hivyo? Sijui nani alinitia neno hilo. Nilihisi tu kwamba yale makosa ndiyo yaliyokuwa yamembakisha, kwamba alikuwa kayashika kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

Lakini Haitham siku zote alikuwa anarudia.

"Mlango," ikasema sauti ya nje, polepole, kama mtoto anayetaka chai yake. "Mlango umefungwa."

Na yule wa kwenye simu, midomo yake ilicheza. Waliyasema pamoja, sauti moja.

Nilipofungua hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama ya maji kutoka falaji hadi kizingitini, ikakauka huku naitazama, na palikuwa na kandambili moja ya dubu. Ninayo mpaka leo, chini ya kitanda changu. Haikauki. Mama ananigombeza kila wiki kwamba namwaga maji chumbani.

Tuliwaita watu. Baba, ambaye anafanya kazi Maskati, aliwapigia wenzake Haitham huko Guangzhou, wakaenda kumuona. Wakasema yuko salama, kazi anafanya, kodi analipa, na kwamba sasa anasema vizuri sana. Atakuja? Anasema atakuja. Kila Idi anasema, kwa ngeli sahihi kabisa.

Bibi hajawahi kunisahihisha tangu siku ile. Nasema "kiti hii" makusudi, mbele yake, naomba anitukane. Anatazama mikono yake. Bado kila adhuhuri anaiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Nilimuuliza, Bibi, unajua siye, kwa nini unazungumza naye? Akaniambia, "Ni huyo tu niliyebakiwa naye, mwanangu." Akimaliza anaifunika simu kifudifudi, kisha anaiwekea kitambaa juu.

Nami nilimjaribu yule mara moja. Niliichukua simu nikamuuliza, "Kaka, kiatu yako ingine iko wapi?"

Akatabasamu. "Kiatu chako kingine kiko wapi," akasema. Kisha akangoja.

Alikuwa anangoja nirudie. Sikurudia. Nilikata. Lakini kila siku, Bibi akishaaga, kabla simu haijafunikwa, nasikia kutoka sebuleni: "Mdogo wangu bado hajarudia?"

Basi wewe unayesoma, kama una mtu wako mbali, huko kwenye majengo marefu ambako hakuna anayejua jina lake, yasikilize makosa yake. Yapende. Siku akianza kusema sawasawa, usiwapigie watu simu kuwasikilizisha. Na ukisikia hodi saa saba mchana, sema karibu kwanza, sarufi baadaye.

Mimi kila mchana Mama akilala nafungua ule mlango wa chuma, nauzuia kwa tofali, nakaa kizingitini. "Kaka," nasema, "karibu. Mlango iko wazi." Kinachoingia ni joto tu, na Mama anaamka huko ndani anapiga kelele kwamba natoa baridi yote nje.